Jicho Liko Wapi Kabla ya Mkato: Mwongozo wa Kuhariri Video kwa Kufuata Macho ya Mtazamaji

Mwaka 1961 Mwingereza John Wilson alisimulia katika makala yake kisa ambacho kila mhariri wa video angefaa kukijua kabla hata ya kujifunza programu ya kuhariria. Bwana afya mmoja alikuwa ametengeneza filamu fupi, ya mwendo wa polepole sana, ya kuwafundisha wanakijiji wa Afrika namna ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Ilipokwisha, watazamaji waliulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kama ina kuku. Ikabidi waipitie fremu kwa fremu, yaani picha tuli moja baada ya nyingine, na kweli wakamkuta: kuku aliyeshtuliwa, akaruka na kukatiza pembe ya chini upande wa kulia kwa muda wa kama sekunde moja.

Kisa hicho kimerudiwa kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba Mwafrika wa kijijini hajui kutazama filamu. Mimi nakisoma kinyume chake. Katika filamu ambamo mtu anaokota makopo matupu na kumwaga maji bila haraka yoyote, kuku aliyeshtuka alikwenda kwa kasi kuliko kitu kingine chochote, na macho ya binadamu, awe wa kijijini au wa mjini, hukimbilia kitu cha namna hiyo kabla mwenyewe hajaamua. Mtazamaji hakukosea. Aliyekosea ni yule aliyekaa na filamu mezani, akaipitia mara nyingi, na asione kwamba pembeni pana kitu kinachomnyang'anya mhusika wake watazamaji.

Mwongozo huu ni wa mtu anayehariri video za aina yoyote, ziwe za harusi, habari, tamthilia, mafunzo ya kilimo au klipu za simu, na ambaye tayari anajua kukata na kuunganisha. Jambo ninalotaka alishike ni moja: kila mkato, yaani pale shoti moja (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) inapoipisha nyingine, una anwani mbili: mahali ambapo fremu ya mwisho ya shoti inayotoka imeliacha jicho la mtazamaji, na mahali ambapo fremu ya kwanza ya shoti inayoingia inalitaka liwe. Anayezijua anwani hizo anaweza kuamua kuzikutanisha au kuzitenganisha. Asiyezijua anabahatisha, hata kama mikato yake imepangika vizuri kwenye taimulaini.

Jicho kwa hesabu ya fremu

Nyosha mkono mbele yako, inua kidole gumba, kisha tazama ukucha wake. Eneo dogo kama hilo, lenye upana wa karibu nyuzi mbili za pembe, ndilo pekee unaloliona kwa uwazi kamili kwa wakati mmoja, kwa sababu ndani ya retina kuna kishimo kidogo kiitwacho fovea ambamo chembe za kupokea mwanga zimesongamana kuliko mahali pengine popote. Vilivyobaki vyote tunaviona kwa ukungu. Hatuuhisi ukungu huo kwa kuwa jicho huruka na kutua, huruka na kutua, takriban mara tatu kwa sekunde, na akili huviunga vipande hivyo kuwa picha moja. Na katika sehemu ndogo ya sekunde ambayo jicho linaruka, uoni hufifizwa kiasi kwamba hatuuoni hata mtikisiko wa safari yenyewe.

Mhariri anaweza kuyageuza mambo hayo kuwa fremu. Tuchukue video ya fremu 25 kwa sekunde, ambayo ndiyo desturi ya televisheni za kwetu: fremu moja ni milisekunde 40. Tangu kitu kipya kitokee kwenye skrini hadi jicho lianze kuruka kukifuata hupita kama milisekunde 200, ambazo ni fremu tano. Safari yenyewe huchukua fremu moja au mbili. Baada ya hapo jicho linahitaji kutua na kukitambua kitu, na mtuo mmoja wa kawaida ni kama fremu sita au saba. Kwa hiyo shoti ya fremu 12 inayoonyesha funguo zilizofichwa chini ya kitambaa inaweza kwisha wakati jicho ndiyo kwanza limezifikia, ikiwa jicho hilo lilikuwa limeachwa upande wa pili wa skrini. Funguo hizohizo zikiwekwa mahali ambapo jicho tayari lipo, fremu 12 zinatosha na pengine kubaki. Watu wengi wanaolalamika kwamba mkato wao "una kasi mno" hawana tatizo la kasi hata kidogo. Wana tatizo la umbali.

Kulitafuta jicho bila mashine

Maabara hutumia vifaa vya kufuatilia macho ambavyo bei yake haimhusu mhariri wa kawaida. Njia ifuatayo ni ya kienyeji, lakini imenisaidia mara nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa kwa maneno.

Chagua mkato unaoutilia shaka. Toa kipande cha sekunde 20 au 30 kinachoishia kwenye fremu ya mwisho kabla ya mkato huo, kisha skrini iwe nyeusi ghafla. Bandika juu ya kioo nailoni angavu, ile ya kufunikia madaftari ya wanafunzi. Mwite mtu ambaye hajaiona kazi hiyo, mkalishe, na mwambie tu kwamba unataka aitazame. Skrini inapokuwa nyeusi, mwombe aguse mahali ambapo macho yake yalikuwa wakati picha inapotea, nawe weka alama kwa kalamu ya wino mzito. Rudia kwa watu watano au sita, mmoja mmoja, bila wengine kuwemo chumbani. Usimtumie mtu yuleyule kwa zaidi ya kipande kimoja au viwili, kwa sababu mara akishajua unachotafuta ataanza kuyachunga macho yake na jibu lake halitakuwa na thamani tena.

Halafu fanya jaribio hilohilo upande wa pili wa mkato: kipande kianze sekunde kadhaa kabla, kivuke mkato, kiendelee kwa fremu 12, na kikatike. Sasa una alama za rangi mbili juu ya nailoni moja, na umbali kati ya makundi hayo mawili ndio umbali ambao mkato wako unamsafirisha mtazamaji.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni jinsi alama zinavyorundikana. Ungetarajia watu sita wenye akili sita wawe wametazama mahali sita, lakini katika video iliyohaririwa vizuri wengi wao huwa wamekutana mahali ambapo ungeweza kupafunika kwa kiganja. Mtafiti Tim Smith, ambaye amelichunguza suala hili kwa miaka mingi na mwaka 2012 akachapisha nadharia yake kuhusu mwendelezo wa filamu, ameupa mkutano huo wa macho jina la usawazisho wa usikivu wa macho. Michael Dorr na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba macho ya watazamaji hukutana zaidi wanapotazama vionjo vya filamu za Hollywood kuliko wanapotazama video za mandhari ya nje zisizohaririwa. Ikiwa alama zako zimetawanyika, shoti yako haina mwenyewe. Kabla ya kuugusa mkato, shughulikia shoti kwanza: ikuze, ifupishe, ififize kona inayong'aa, au itupe.

Vinavyoliita jicho

Mwendo ndio unaotangulia. Utafiti wa Mital, Smith, Hill na Henderson uliotoka mwaka 2011 ulipima sifa mbalimbali za picha, zikiwemo mwanga, rangi na kingo, na ukakuta kwamba tofauti ya mwendo kati ya sehemu moja na nyingine ndiyo inayobashiri vizuri zaidi mahali macho yatakapokusanyika. Angalia neno "tofauti". Umati mzima unaocheza hauliiti jicho. Linaloliita ni mtu mmoja aliyesimama kimya katikati ya umati huo, au mmoja anayejongea wakati wengine wamesimama. Kwa hiyo unapokagua shoti usiulize kama kuna kitu kinachosogea. Uliza ni kitu gani kinachosogea tofauti na jirani zake, na kama kitu hicho ndicho unachokitaka. Pazia linalopepea nyuma ya mtu anayehojiwa ni kuku yule wa mwaka 1961 aliyerudi kwa umbo jingine.

Nyuso zinafuata kwa karibu, hasa macho na mdomo wa mtu anayeongea. Uso hutazamwa hata ukiwa mdogo na mbali, na uso unaotazama upande fulani huyatuma macho ya mtazamaji upande huohuo. Hiyo ndiyo zana ya bei rahisi kuliko zote alizonazo mhariri: mhusika akigeuza macho yake kuelekea mlangoni fremu chache kabla ya mkato, mtazamaji ameshaanza kuulizia mlango kabla hujamwonyesha. Mikono inayoshika au kunyoosha kitu ina nguvu ya aina hiyohiyo. Mwanga unaozidi mazingira yake nao huvuta, ingawa kwa uzoefu wangu hushindwa haraka na uso.

Kisha kuna katikati ya skrini. Mara tu baada ya mkato, hasa pale ambapo shoti mpya haina uhusiano wa wazi na iliyotangulia, macho ya watazamaji wengi hurudi katikati kwanza, kisha ndipo huanza kutafuta. Ni kama mtu anayeingia chumba kigeni, anasimama mlangoni na kukitazama chote kabla ya kuchagua pa kukaa. Ukiwa huna namna nyingine ya kulipokea jicho, lipokee hapo.

Huenda msomaji akauliza: je, mtazamaji hana hiari yake? Anayo, ila video humnyima muda wa kuitumia. Mwanasayansi wa Kisovieti Alfred Yarbus, katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1967, alimwonyesha mtu mchoro wa Ilya Repin unaoonyesha mwanamume akirejea nyumbani bila kutarajiwa, kisha akampa kazi tofauti: kadiria hali ya mali ya familia hii, kadiria umri wa watu hawa, na kadhalika. Njia ya macho ilibadilika kwa kila swali, ingawa picha ilikuwa ileile. Mchoro umetulia ukutani na unamngoja mtazamaji. Video haimngoji. Mwaka 2015 Lester Loschky na wenzake waliwaonyesha watu kipande cha filamu ya James Bond ya mwaka 1979, Moonraker. Baadhi yao walikuwa wamepewa sehemu iliyotangulia, wengine hawakupewa, kwa hiyo hawakulielewa tukio kwa namna moja. Hata hivyo macho yao yalipita karibu njia zilezile. Watafiti hao waliiita hali hiyo udhalimu wa filamu, na neno hilo ni zito lakini halikukosea. Kwa mhariri maana yake ni kwamba macho ya watu kukutana mahali pamoja hakuthibitishi kwamba wameelewa. Nailoni itakuambia walitazama wapi. Kama wameelewa, itabidi uwaulize.

Kukutanisha na kutenganisha: mfano wa mnada wa samaki

Tuseme unahariri kipande kuhusu mnada wa samaki wa Feri, Dar es Salaam. Katika shoti ya kwanza dalali yuko kushoto mwa fremu, ameinua nguru juu ya kichwa huku akinadi. Kisha anamshusha kwenye meza iliyo chini kulia. Shoti ya pili ni ya mama anayenunua samaki wa kwenda kukaanga: uso wake uko kushoto juu, naye anakubali bei kwa kutikisa kichwa mara moja tu, jambo linalochukua kama nusu sekunde. Kulia kwake kijana anapita na ndoo ya bluu. Umekata pale nguru anapogusa meza, kwa sababu mlio wa samaki kwenye meza ni mtamu na unaupa mkato mdundo. Unawaonyesha watu, na hakuna hata mmoja anayejua nani amenunua.

Fuata anwani. Shoti ya kwanza imeliacha jicho chini kulia, lilikomfuata nguru. Shoti ya pili inaingia na kulikuta jicho liko juu ya ndoo, tena ndoo inayotembea. Wakati jicho linaachana na ndoo na kuuona uso juu kushoto, kichwa kimeshatikiswa na kutulia.

Tiba ziko kadhaa na kila moja ina gharama yake. Unaweza kukata mapema, nguru akiwa bado juu kushoto, ili jicho liangukie uso wa mama moja kwa moja. Utapoteza mlio wa meza kwenye picha, lakini sauti yake unaweza kuiacha isikike chini ya shoti ya pili. Unaweza kuianza shoti ya pili fremu nane au kumi mapema zaidi, ili jicho lipate muda wa kusafiri kabla ya kichwa kutikisika. Hii ni rahisi, ila mdundo utalegea kidogo. Ikiwa ulirekodi kwa 4K na unatoa kwa HD, ambayo ni picha ndogo zaidi, unaweza kuisogeza fremu ili uso uje karibu na pale samaki alipoishia na ndoo ibaki nje. Na kama kuna sekunde moja ambayo dalali anageuka kumtazama mama yule, itie kabla ya mkato na karibu kila kitu kitajitengeneza chenyewe. Mimi ningeanza na hiyo ya mwisho, na nisipoipata ningekata mapema. Nisingeigeuza shoti kama kioo ili uso uhamie kulia, ingawa programu inaruhusu kwa kubofya mara moja: maandishi ya fulana yatasomeka kinyumenyume, na mama aliyekuwa akitazamana na dalali ataonekana amempa kisogo, kwa kuwa utakuwa umevuka ule mstari wa nyuzi 180, yaani mstari wa kufikirika unaowaunganisha wahusika wawili, ambao kamera haipaswi kuuruka.

Mkato unaofanyika katikati ya mwendo mmoja, mkono unaanza kuinuka katika shoti ya mbali na unamalizikia katika shoti ya karibu, ndio unaofichika kuliko yote, kwa sababu jicho liko safarini na linapofika linakikuta kilekile lilichokuwa likikifuata. Tim Smith na John Henderson waliwaomba watu mwaka 2008 wabonyeze kitufe kila waonapo mkato, yaani watu waliokuwa wakiiwinda mikato kwa makusudi. Bado karibu theluthi moja ya mikato ya namna hiyo iliwapita. Ukitaka kuutumia ufiche huo, kata mwendo ukiwa umeshaanza, usikate kabla yake wala baada ya kutulia.

Ufiche huo una faida nyingine ambayo wahariri wachanga hawaithamini. Daniel Levin na Daniel Simons walitengeneza mwaka 1997 video ya mazungumzo ya watu wawili na kwa makusudi wakaharibu mwendelezo katika mikato, hata rangi ya sahani ikabadilika. Kati ya watazamaji kumi, ni mmoja tu aliyedai kuona chochote. Katika jaribio jingine walimbadilisha mhusika mwenyewe kwenye mkato, akaingia mtu mwingine mwenye nguo nyingine, na karibu theluthi mbili ya watazamaji hawakugundua. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya shoti ambayo kikombe kiko mahali pake lakini jicho linaparaganyika, na shoti ambayo kikombe kimehama lakini jicho linateleza vizuri, chagua ya pili. Atakayekiona kikombe ni mtu wa mavazi na vifaa, naye tayari anajua.

Walter Murch, mhariri wa Kimarekani, ameweka katika kitabu chake orodha ya mambo sita ya kuzingatia katika mkato na kuyapa uzito: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, njia ya jicho 7, kisha mpangilio wa skrini bapa 5 na mpangilio wa nafasi halisi 4. Njia ya jicho imewekwa ya nne, na asilimia saba ni kidogo. Nakubaliana na mpangilio huo kwa filamu ya kuigiza, ambamo uso wenye uchungu utasamehewa hata ukitokea upande usiotarajiwa. Kwa video fupi ya mafunzo au tangazo, ambayo mtazamaji hakuiomba na anaweza kuipitisha kwa kidole, nadhani saba ni ndogo mno: hisia na hadithi haviwezi kumfikia mtu ambaye jicho lake lilikuwa kwenye ndoo.

Anayetaka kuona kanuni ya kukutanisha ikisukumwa hadi mwisho na atazame Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, iliyoongozwa na George Miller na kuhaririwa na Margaret Sixel, ambaye aliipatia tuzo ya Oscar ya uhariri. Filamu ina mikato ipatayo 2,700 kwa muda wa saa mbili hivi, na mtu hapotei, kwa sababu jambo la maana katika shoti nyingi za vurugu limewekwa katikati ya fremu, hivyo jicho halina safari ya kufanya. Wengi wameiga kasi yake wakasahau katikati yake.

Wakati mwingine utataka kutenganisha. Mlipuko, kofi, mtu anayezinduka usingizini asijue alipo: hapo jicho likitupwa kutoka kona moja hadi nyingine, mtazamaji ataupata msukosuko mwilini mwake. Fanya hivyo kwa kujua, na shoti inayofuata iwe ndefu vya kutosha kumruhusu atulie.

Maandishi ni kuku mwingine

Géry d'Ydewalle na wenzake wa Ubelgiji walionyesha mwaka 1991 kwamba maandishi ya tafsiri yanapotokea chini ya skrini watu huyasoma hata wanapoielewa lugha inayozungumzwa, na kwamba Wamarekani wasioyazoea nao huyasoma vilevile. Kusoma hapa si uamuzi. Kwa hiyo kila mstari unaouweka ni agizo la kuliondoa jicho usoni na kulipeleka chini kwa muda wote wa kusomwa, na maneno yetu ya Kiswahili, ambayo huunganisha nafsi, wakati na kitendo kwa pamoja, hujaza mstari upesi.

Nililipa gharama ya somo hili katika makala fupi niliyomhariria mteja mmoja. Mzee aliyekuwa akihojiwa alinyamaza, akaangalia chini, na mkono wake ukatetemeka juu ya bakora. Hiyo ndiyo iliyokuwa makala yenyewe, maneno mengine yote yalikuwa maelezo. Mimi, kwa kuwa jina lake lilikuwa halijaonyeshwa na muda ulikuwa unakwisha, nililiingiza jina na cheo chake hapohapo, tena kwa madoido ya kuteleza kutoka kushoto. Watu wote niliowaonyesha walijua mzee anaitwaje. Mkono hakuuona yeyote.

Jina la mtu liingie anapoanza kuongea jambo jepesi, na liondoke kabla ya zito. Lisiingie kwenye mkato wenyewe, kwa sababu wakati huo jicho bado linatafuta pa kutua. Lipe fremu 12 hadi 15 limwone mwenye jina kwanza. Maandishi ya tafsiri nayo yasivuke mkato ikiwezekana, na kama shoti ya karibu ina jambo la kimya la kuonwa, iache bila maandishi kabisa.

Skrini itakayotumika

Simu yenye upana wa sentimita saba ikishikwa umbali wa sentimita 35 hujaza takriban nyuzi 11 za uoni. Televisheni ya inchi 32 ikitazamwa kutoka mita tatu hujaza nyuzi 13 au 14. Kwa jicho, basi, vitu hivyo viwili havitofautiani sana, na safari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ni fupi. Skrini ya sinema yenye upana wa mita 12 ikitazamwa kutoka mita 12 hujaza zaidi ya nyuzi 50, na mkato uliokuwa laini kwenye kompyuta yako unaweza kumfanya mtazamaji wa sinema azungushe hadi shingo. Kazi inayokwenda sinema ijaribiwe kwa projekta, hata ya kuazima, ukiwa umekaa karibu.

Kwenye kibanda umiza hali ni tofauti tena: televisheni moja iko juu, watu wamekaa hadi pembeni kabisa, na wa nyuma anaona skrini ndogo kuliko simu yake. Hapo ukubwa wa kitu una maana kuliko mahali pake, na shoti za karibu ndizo zinazofika. Ukiigeuza video ya mlalo kuwa ya wima kwa ajili ya simu, usiiachie programu ikukatie katikati ya fremu. Pitia kila mkato upya, kwa kuwa anwani zote zimebadilika.

Kuhusu watazamaji wasiozoea

Wanaotengeneza video za afya au kilimo kwa ajili ya vijijini huambiwa mara kwa mara wapunguze mikato na waepuke shoti za karibu, kwa madai kwamba watu hao "hawajazoea". Ushauri huo una asili yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza na kuzungusha filamu za elimu katika Tanganyika na makoloni ya jirani, na kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa na Uingereza mwaka 1939 kikaendeleza imani kwamba Mwafrika anahitaji filamu ya taratibu, ya moja kwa moja, isiyo na ufundi wa kamera. Wakaipunguza kasi hadi kuku akawa ndiye nyota.

Stephan Schwan na Sermin Ildirar walilipima jambo hilo kwa uangalifu zaidi. Katika utafiti uliotoka mwaka 2010 waliwaonyesha video fupi watu wazima wa vijiji vya milimani kusini mwa Uturuki ambao hawakuwahi kutazama filamu wala televisheni. Baadhi ya mbinu ziliwatatiza kweli. Lakini pale ambapo shughuli iliyoonyeshwa ilikuwa wanayoijua, ikienda hatua kwa hatua, waliufuata mkato bila shida. Kwa hiyo ukimwonyesha mkulima namna ya kuchanganya dawa ya mimea, kata kadiri upendavyo alimradi mkono uleule unaendelea na kazi ileile: mkono unachukua kifuniko, mkato, mkono unamimina, mkato, mkono unakoroga. Mkono ndio utakaolibeba jicho kutoka shoti moja hadi nyingine.

Ukimaliza, rudi kwenye nailoni mara moja zaidi, safari hii ukiwa na sauti kamili, kwa kuwa mtu akisikika akiongea macho humtafuta msemaji, na mlio wa kando unaweza kuyahamisha. Usijihesabu wewe mwenyewe miongoni mwa wale watu sita. Umeshaitazama kazi hiyo mara arubaini. Unajua uso wa mama yule utatokea kushoto juu, na jicho lako limeshatangulia kumngoja huko fremu kumi kabla ya mkato.